Neno Lililobaki kwa Mzee Omagor

Kiharusi kilipompiga mzee Omagor, kilimnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja: ndiyo. Umwulize kama ana njaa, ndiyo. Umwulize kama ameshiba, ndiyo. Bintiye Alupo, aliyerudi nyumbani kumtunza huku mtoto wake mwenyewe bado ananyonya, alijifunza kumsoma babake usoni, si mdomoni.

Jumanne asubuhi uso wa mzee ulikunjamana kabla hata gari halijazimwa uani.

Alikuwa Collins, kaka yake Alupo, ametoka Malaba na suti mpya mkononi.

"Papa, leo tunaenda Amagoro! Utapendeza hadi wake za watu wasahau kwao." Akamgeukia dadake. "Mbona unanikagua kama askari wa forodha? Ni bodi ya ardhi tu. Watamuuliza kama amekubali kuuza lile shamba la barabarani, atajibu, tunarudi."

"Unajua atajibu nini."

"Najua," akasema Collins, akaanza kumfunga babake vifungo vya shati, kimoja kimoja, kwa upole uliomtia Alupo kijibaridi.

Shamba hilo ndilo lililowalisha, na mahindi yake ndiyo yaliyonunua dawa za mzee. Wakala mmoja wa mpakani, Peterson, alilitaka apate pa kuegesha malori. Alupo alikuwa amepeleka ombi kortini Busia pamoja na barua ya daktari, ateuliwe kusimamia mali ya babake. Kesi ilikuwa Ijumaa. Angewazuiaje siku tatu? Akafunga mtoto mgongoni, akapanda gari nao.

Wazee wa bodi walimjua Omagor tangu alipokuwa mzee wa kanisa. Walimsalimu kwa furaha, naye akawajibu kwa neno lake.

"Mzee, umekubali kuuza?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo." Sauti ilitoka safi, nzito, ya mtu mwenye akili zake.

Alupo akainuka. "Mwenyekiti, hawezi kujibu lingine. Sikilizeni. Papa, wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo."

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Omagor na mizaha yake!" akasema mama mmoja wa bodi, akijifuta macho. Collins alicheka kuliko wote. Mwenyekiti akavuta muhuri.

Alupo alihitaji swali ambalo hakuna mtu angelicheka. Lilikuwepo moja. Miaka sita iliyopita mama yao alilala mzima, hakuamka, na wajomba walimzika bila kumpa mzee mkono, wakimshuku yeye.

"Papa," akasema, "ni wewe uliyemuua mama?"

"Ndiyo."

Mwenyekiti akaondoa mkono kwenye muhuri kama aliyegusa jiko. Faili likafungwa: waende kwanza kortini, warudi na amri.

Alupo alitoka amejaa furaha. "Tumeliokoa, Papa," akamnong'oneza. Mzee alikuwa akilia. Na Collins, badala ya kugomba, alisimama kando ya gari akiongea kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Eeh, mjomba. Mbele ya bodi nzima. Kwa mdomo wake mwenyewe."

Kufikia jioni wajomba watano walikuwa wamefika kutoka Marachi, kwao marehemu mama. Alupo aliwatolea viti, hakuna aliyekaa.

"Mjomba, ni ugonjwa," akasema, akimnyooshea Barasa, mkubwa wao, bahasha. "Daktari ameandika. Soma tu. Hata korti inajua, Ijumaa wataamua."

Barasa aliipokea, akaikunja mara mbili bila kuifungua, akaitia mfukoni.

"Ijumaa ni ya korti, mwanangu," akasema. "Sisi tumekuja leo. Mtoe nje, tumuulize wenyewe."