Boila ya Maganda

Alistaafu kazi ya kuchochea boila kiwandani, lakini jina la Boila likakataa kustaafu naye. Aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake mkubwa, na nje ya dirisha lake lilisimama lundo la maganda, majani makavu na samadi ya kuku, limemfika kifuani. Yeye alilipenda kama mboni ya jicho. Dada yake hakutaka hata kulisikia.

"Uozo huo uondoke kabla ya Jumapili," dada alisema. "Wakwe watarajiwa wanakuja, wasiseme binti yangu kakulia jalalani."

"Huo si uozo, dada. Ni mtambo. Kabla ya Jumapili utaoga maji ya moto yaliyotoka humo."

Hita ya bafuni ilikuwa imekufa, na magoti ya dada yalilalamika kuliko mwenyewe. Akafikiri.

"Yakiwa baridi?"

"Nitalizoa lote kwa mikono yangu, na sitasema neno."

"Wewe, usiseme neno? Hilo nitaliwekea kiti nilitazame."

Boila akafukua lundo, akauzungusha mpira wa maji ya bafuni tumboni mwa lundo, akafukia. Kisha, kama mtu wa boila, akaziba joto lisivuje: nailoni juu, tope juu ya nailoni, akalipiga likalainika kama ukuta. Majirani akawaambia kuku mmoja alitaga pale akashuka na yai la kuchemsha.

Siku chache baadaye maji yalitoka baridi kama jiwe, na harufu ikaingia mpaka kabatini. Dada alipita na kitambaa puani. Alimwachia toroli mlangoni.

Binti mwenyewe, mwalimu wa sayansi, alirudi kazini akamkuta mjomba wake ameinama.

"Mjomba, humo umefunika nini?"

"Joto."

"Umefunika vijidudu. Ndivyo vinavyokula maganda na kuyavunja vipande vidogo vidogo, na vikila vinatoa joto, kama wewe unavyotoka jasho mezani. Umevinyima pumzi. Sasa vinakula vingine visivyotaka hewa, na hivyo vinanuka."

"Kwa hiyo mama yako yuko sawa, limeoza."

"Mama akisema kimeoza, anamaanisha kimekwisha. Mimi darasani nikisema kinaoza, kazi ndiyo kwanza inaendelea. Kinafumuliwa ili mche upate cha kula."

Boila akajipiga paji la uso, akacheka mpaka akakaa chini. "Nimefunga hewa ya boila. Mimi. Kiwandani wangenifukuza kabla ya chai."

Akalibomoa tope lote, akapindua lundo kwa uma wa bustani, akachanganya majani makavu, akachomeka mabomba matupu lipumue. Harufu ikakatika. Jumamosi asubuhi lilikuwa likifuka mvuke.

Dada aliingia bafuni na uso wa hakimu. Boila akafungulia maji, akasimama mlangoni. Maji yakasikika. Yakaendelea kusikika.

"Dada, yakoje?"

Bomba likafunguliwa zaidi.

"Dada?"

"Niache nioge."

Jumapili, mama mkwe mtarajiwa alichungulia dirishani akauliza ule moshi wa nyuma ni wa nini.

"Ni mtambo wetu," dada alijibu bila kupepesa jicho. "Mdogo wangu ni fundi."

Boila akavuta kiti karibu na mgeni, akaanza na kile kisa cha kuku. Sasa mayai yalikuwa matatu.