Tone la Oili

Kiwandani kwetu Temeke hatuyeyushi chuma, na huwa naudhika watu wakisema tunayeyusha. Tunabana unga wa chuma kwenye kalibu mpaka ushikane, kisha tunauoka tanurini, ukipita juu ya mkanda kwa nusu saa kamili, nyuzi elfu moja mia moja na ishirini. Ukiupunja moto au muda, punje zinashikana kijuujuu tu, ndani vinabaki vitundu chungu nzima. Kwa macho huvioni. Ndiyo maana kila sinia la gia likitoka tanurini nachukua moja na kuidondoshea tone la oili. Tone likikaa juu, gia imeiva. Likinywewa, sinia zima halitoki getini.

Kwa miaka kumi na moja sikuruka kipimo hicho, isipokuwa siku moja ya Machi. Umeme ulikatika mchana, tanuri likapoa. Uliporudi, mita ilisoma nyuzi elfu moja tu, na gari la watengenezaji wa winchi lilikuwa linasubiri mzigo. Msimamizi wetu, Sebastian, akachungulia mdomo wa tanuri.

"Si jekundu hilo? Ongeza kasi ya mkanda, Tusajigwe. Hatulali hapa."

Nikaongeza. Gia zilitoka zinang'aa, nzuri kuliko za jana yake. Chupa ya oili ilikuwa mfukoni mwangu. Niliiacha humo humo, maana nilijua itaniambia nini.

Mei, winchi ya kupandishia zege iliachia kwenye ghorofa linalojengwa Tandale. Ndoo ikamwangukia fundi Fransis, akafa pale pale. Wenye jengo wakasema alizidisha mzigo, na kiwanda chetu kikaandika barua ya kuwaunga mkono. Nikanyamaza. Nilikula, nikalala, nikaja kazini, na naona aibu kusema hivyo.

Leo asubuhi mjane wake, Mauwa, amekuja na gia ya ile winchi, imefungwa kwenye kanga, ina chapa yetu, meno matatu hayapo.

"Dada, mtaani wanangu wanaambiwa baba yao alijiua kwa uzembe," alisema. "Nyie ndo mliitengeneza hii. Niambie tu, mume wangu alikosea?"

Sebastian alikuwa nyuma yangu. Akakohoa.

"Mwelekeze ofisini, Tusajigwe."

Nilichukua gia nyingine rafuni, nikaiweka mezani kando ya ile yake, nikatoa chupa. Tone la kwanza lilikaa juu ya gia ya rafuni, duara, likimeremeta. La pili nililiangusha kwenye gia ya Mauwa. Kabla hajainama vizuri kutazama, lilishanywewa, pakabaki doa.

"Limekwenda wapi?"

"Ndani. Kuna vitundu. Mumeo hakukosea, Mauwa. Gia hii niliioka mie, na nilijua haijaiva."

Sebastian aligeuka akaelekea ofisini. Mauwa hakulia. Aliichukua chupa mkononi mwangu, akadondosha tone jingine mwenyewe, akalitazama likizama. Kisha jingine.