Usiku wa Ijumaa

Zuleica hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa akisomea ufundi umeme pale Palma, na mtihani wa mwisho ulikuwa wa kupanda nguzo, mkanda kiunoni. Nani angempandisha nguzo mwenye mimba? Mtoto wa pili alimtaka, ila baada ya cheti. Basi aliposikia kuna aplikativo inayoonyesha siku za hatari kwa nyekundu na za salama kwa kijani, aliitia simuni, akamwambia mumewe kwamba tangu leo mwenye amri ni simu. Sadique, muuza simenti mwenye maneno machache, akakubali upesi mno. Hilo lenyewe lilimtia mkewe wasiwasi.

Wiki ile ikawa nyekundu tupu mpaka sexta-feira, yaani Ijumaa.

"Vumilia," Zuleica alimwambia. "Usiku wa Ijumaa tumeruhusiwa."

Sadique akavumilia. Usiku wa Ijumaa ulipoingia alioga, akajifukiza udi, na yaliyofuata ni ya wenyewe.

Asubuhi yake darasani, Zuleica alikuwa akimenya waya huku anaimba. Rafiki yake Joaquina, mtu wa Diaca kule bara, akamtazama.

"Mana yangu, leo una raha."

"Jana si ulikuwa usiku wa Ijumaa? Kijani."

Joaquina akaweka koleo chini. "Jana ilikuwa quinta. Alhamisi. Sexta ndiyo leo."

"Leo ni mchana wake. Usiku wake umepita jana."

Alisema hivyo kama asemavyo kila mtoto wa pwani, ambaye siku yake huanza jua likizama. Kisha akakisikia mwenyewe alichosema. Akatoa simu. Jana: nyekundu iliyoiva.

"Simu yako haijasilimu," Joaquina akasema.

Wakacheka mpaka mwalimu akageuka. Zuleica ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Na hata ungeipatia siku," Joaquina akanong'ona, "ile inakisia tu kwa miezi iliyopita. Ukiumwa, ukichoka, mwili unabadili safari, simu haina habari. Dada yangu ana mtoto wa kijani."

Kwenye duka la dawa, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vilikuwa vimekwisha. Nyumbani alimweleza mumewe yote. Sadique akasikiliza, akasema, "Tungoje," basi. Tangu hapo akawa anakawia kwenye mswala, mikono juu, dua haziishi. Anaomba mtoto huyu, Zuleica akawaza, na hasira zikampanda. Alimpenda, lakini siku hizo hakutaka hata kumpakulia wali.

Magharibi moja Sadique alitandika miswala miwili kama kawaida, akamngoja mkewe asimame nyuma yake. Zuleica akatokeza mlangoni, kichwa wazi, hajatawadha.

"Leo sali peke yako," akasema. "Sina sala."

Mume yeyote anajua maana yake: mke yuko hedhini. Sadique alimtazama, machozi yakamlengalenga.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimechoka kuiombea hiyo nguzo yako."

Zuleica akakaa palepale kizingitini, akalia. Alipomaliza, akamwambia kesho anakwenda kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango.

"Twende wote," akasema Sadique, akageukia kibla.