Mkebe wa Mafuta Kwenye Mizani

Kivuti hakuamini makadirio. Kwa miaka mingi alikuwa amepima majani chai ya majirani katika kituo cha ununuzi karibu na Kanja, na alijua kuwa kila mkulima huliona gunia lake kuwa zito kuliko mizani inavyosema. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe wa kliniki alipomwambia kwamba mafuta katika damu yake yamezidi kidogo, akamtaka akadirie anayokula kwa siku, alikataa kukadiria. Angepima.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Kiasi kikivuka kikomo alichowekewa, angekula vya kuchemshwa tu, kama marehemu kaka yake Ireri, ambaye kwa sababu hiyo miaka yake ya mwisho ilionekana mirefu sana.

Aliazima mizani ndogo dukani, akafuata utaratibu wa kituoni: pima kabla, pima baada, tofauti ndiyo mali. Alipima mkebe wa mafuta ya kupikia alfajiri kabla ya kwenda kazini, akaupima tena baada ya chakula cha jioni. Tofauti aliigawa kati yake na mkewe Ciakuthii, maana nyumbani walibaki wawili tu, akaongeza mafuta ya maziwa na ya parachichi kwa jedwali alilopewa. Kila jioni jibu lilivuka kikomo. Ciakuthii alipunguza mafuta hadi vitunguu vikaanza kushika sufuria. Jibu halikushuka vya kutosha.

"Mama Tabby, mafuta haya yanaenda wapi?"

"Yaende wapi, Baba Tabby? Unafikiri najipaka?"

"Mizani haidanganyi."

"Basi mwambie mizani akupikie."

Siku moja Kivuti alichelewa kuamka. Alipoingia jikoni na mizani yake, alimkuta Ciakuthii akichota mafuta kwa vidole, ndoo mkononi. Alimfuata hadi zizini. Mkewe alichuchumaa, akazipaka chuchu za ng'ombe moja baada ya nyingine, akaanza kukamua.

"Hayo ni ya kupikia!"

"Na ya kukamulia yako wapi? Nilikutuma kabla ya Pasaka. Ukarudi na gazeti."

Kivuti alitazama ng'ombe. Ng'ombe alitafuna.

"Hufanya hivi kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Ulitaka nimkamue kwa mate? Mpeleke yeye kliniki, ndiye anayemaliza mafuta."

Kivuti hakucheka. Alikwenda Kanja, akanunua mafuta ya kukamulia, akamwomba mkewe akaange kama zamani, akapima upya juma zima. Maziwa na parachichi vikiwemo, jibu halikufika kwenye kikomo hata siku moja. Mtaalamu aliyapitia mahesabu, akasema chakula chake hakina kosa; aendelee nacho, atembee zaidi, arudi kupimwa damu baadaye.

Kivuti alitembea hadi dukani, akarudisha mizani. Jioni alikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyong'aa mafuta, akasogeza sahani aongezewe, kisha akaongezewa tena.

"Hizo ni ngapi sasa?" Ciakuthii aliuliza.

"Sijapima," alijibu.