Kilichotoka Kwenye Tangi

Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti. Asubuhi ilikuwa ya ukungu na manyunyu, ile hali ya hewa inayorudisha ubichi kwenye nguo zilizoanikwa jana. Nilisali kama kawaida, nikamwomba Mungu anipe mikono myepesi na moyo usio na hasira. Mikono nilipewa.

Mama alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli, imevimba hadi ngozi inang'aa. Jumatatu alikosa kusafishwa damu. Pikapu yetu ilizimika katikati ya mlima, akakaa humo kwenye baridi mpaka majirani walipomshusha kwa kiti. Kesho ana zamu nyingine kwenye mashine, na daktari alituambia kwenye simu, bila kuzunguka, kwamba hii asiikose. Mvua ikinyesha, magari ya kukodi hayapandi mlima wetu. Ni pikapu ile au hakuna.

"Mwalimu wa jioni, karibu," kaka alisema akifungua boneti. "Tuone kama huko mnafundishwa au mnasinzia."

"Tunasinzia kwa zamu," nikamjibu.

Mimi ni fundi cherehani. Wajukuu ninao, lakini jioni nakaa darasani na vijana kujifunza injini. Kaka anaona kichekesho. Mjomba, mdogo wake Mama, mwenye bucha pale njia panda, anaona aibu. Alikuwa amesimama karibu nasi na aproni yake ya madoa, akichokonoa meno kwa kijiti.

"Ni plagi," alisema. "Kaka yako kanunua plagi bandia. Nimesema tangu Jumatatu, lakini mimi ni nani?"

"Mjomba, nimezibadilisha zote nne!" kaka akafoka. "Au nimeze moja ndio uamini?"

Nikamwambia kaka awashe. Injini ikawaka, ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Alipokanyaga mafuta, ilisita, ikameza mate, kisha ikaruka na kukohoa moshi. Nilikunja kitambaa kikavu, nikachomoa waya wa plagi ya kwanza huku injini inanguruma. Mlio ulidhoofika. Nikaurudisha, nikachomoa wa pili, wa tatu, wa nne. Kila nilipochomoa, mlio ulidhoofika vilevile. Kama silinda moja ingekuwa imekufa, kuchomoa waya wake kusingebadilisha chochote. Hapa zote zilikuwa hai, na zote zilikuwa zinaugua pamoja.

"Si moto wa plagi," nikasema. "Ni mafuta zinayokunywa."

"Petroli ni petroli," alisema Mjomba haraka. "Usije ukafungua tangi bure. Mtalilaza gari siku nzima."

Nilifungua chujio la mafuta, nikalikung'utia kwenye chupa ya kioo. Petroli ilipanda juu. Chini yake yakatulia maji ya rangi ya chai iliyochacha, na ndani ya maji kitu kilichovutika kama kamasi.

Kaka aliinama kunusa, akarudi nyuma ameziba pua. "Mama yangu! Kuna kitu kimekufa humu?"

Tuliweka beseni chini ya tangi, nikalegeza nati. Sitasahau kilichotoka. Kwanza maji mekundu-mekundu, kisha utelezi wa kijivu, mzito, uliodondoka mafungu mafungu, na katika utelezi huo nywele. Nywele fupi za kahawia, za ngozi ya ng'ombe. Harufu ya petroli na ya uozo zilishikana zikanikaa kooni. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikatema mate mpaka kinywa kikakauka.

Niliporudi, Mjomba alikuwa ameacha kuchokonoa meno.

Marehemu baba alipotuachia gari hili aliacha na sheria moja: anayelitumia halirudishi bila kumimina dumu moja la petroli, hata kama mafuta yapo. "Gari lisilale na njaa," ndivyo alivyosema. Tunaifuata sheria hiyo kama tunavyofuata kunawa mikono. Hakuna anayeangalia ndani ya dumu letu, tunamimina tu.

"Mjomba," nikasema, "dumu letu umelifanyia nini?"

"La kwangu lilipasuka."

"Sijauliza la kwako."

Akatazama chini. "Yale maji ninayooshea gogo la kukatia nyama, pamoja na vipande, nampelekea mfuga mbwa mmoja. Nilibebea humo. Lakini nilisuuza!"

"Ulisuuza kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

Kaka akacheka kicheko kibaya. "Alisuuza kwa maji, halafu akatia petroli juu yake. Mpishi huyu!"

"Na Jumatatu," nikauliza, "ulikuwa unajua?"

Kijiti kilimdondoka. "Jumapili nilimimina mapema, kabla ya kuondoka, nikasikia harufu. Nikaona vitu vinateremka. Nilidhani vitaungua huko ndani. Na machinjioni walikuwa wananisubiri na nyama. Ningesema, mngelifungua hili gari, bucha ingelala bila kitu."

Kwa hiyo aliona. Akanyamaza, akaenda kuchukua nyama yake, akarudisha gari, akasimama mlangoni akitazama dada yake anapandishwa ndani. Tena akamtupia kaka lawama za plagi. Nilitazama vidole vyake vinene, mafuta yamekauka kwenye kucha, nikakumbuka kwamba vidole hivyo ndivyo vilivyomfungia Mama mlango wa gari. Nilitaka kuomba, nikashindwa hata kuanza. Nilisema tu, "Bwana, nishike," nikaendelea na kazi.

Tulisuuza tangi kwa petroli safi mpaka ikatoka safi. Tulipuliza bomba. Nilifungua kabureta, nikakuta utelezi uleule kwenye bakuli lake, nikaufuta kwa kitambaa nilichokichoma moto baadaye. Chujio tuliweka jipya. Kaka alipakia magunia ya mchanga tulijaribu kwa mzigo, tukapanda mlima na kushuka. Gari halikusita hata kidogo.

Tuliporudi, Mama alikuwa barazani na jirani yetu mshona viatu, mmoja wa wale waliomshusha Jumatatu.

"Nileteeni hicho kilichotoka nikione," alisema Mama.

Kaka akaleta beseni. Mama alilitazama kwa muda, akalisukuma kwa fimbo yake. Mjomba akapiga magoti.

"Dada, naapa kwa Mungu—"

"Mwache Mungu. Hakuchota Yeye hayo maji. Kesho bucha yako inafunguliwa?"

"Kesho ni siku ya gulio, dada. Ndiyo siku ya biashara."

"Basi ndiyo siku yangu ya mashine. Sema utafanya nini. Sema kwa sauti, huyu mshona viatu naye asikie."

Mjomba alinyanyua uso. Machozi yalikuwepo, lakini sikuyahurumia. Bado nilikuwa nayasikia yale maji kooni. Alitutazama mmoja mmoja, kaka, jirani, mimi, kisha akasema, na sauti ikafika barabarani:

"Kesho sifungui bucha. Na kila siku ya mashine ya dada yangu, gulio liwepo lisiwepo, sitafungua. Nitampeleka mwenyewe, nitakaa naye mpaka wamtoe, na nitamrudisha. Mmenisikia wote."