Utando wa Chini ya Bati

Eudoxie Laville aliulizwa mara tatu anataka upi, na mara tatu akajibu, "Wowote."

"Wowote si jibu, dada," akasema Vernice, mdogo wake, amesimama barazani katikati ya majora mawili meusi. "Hii ni karatasi ya lami. Inapigiliwa misumari juu ya mbao, bati linakuja juu yake, na kila mlevi wa kijiji hiki anaijua. Huu mwingine ni utando wa kunata. Unabandua karatasi ya mgongoni, unaubandika, basi. Hata kimbunga kikibeba mabati yote, wewe uko ndani unakunywa kakao yako, mkavu."

"Basi huo."

"Huo anauweza mtu mmoja tu." Vernice akashusha sauti. "Na unamjua."

Alimjua. Octave alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mwaka mmoja na nusu uliopita kimbunga kilitulia katikati, kama kawaida yake ya kudanganya watu, na Hilaire, mume wa Eudoxie, akatoka kumfungua mbuzi. Upepo ukarudi kutoka upande wa pili. Bati likamkata shingoni kando ya tangi la maji. Asubuhi bati lilikutwa palepale, limechubuka, jekundu. Paa la Eudoxie, lililoondoka nusu, lilikuwa la kijani. La Octave lilikuwa jekundu na lilikuwa limekwenda lote. Octave hakungoja kunyooshewa kidole. Alisimama mbele ya watu akasema, "Ni langu."

Tangu siku hiyo Eudoxie hakumsalimu. Zamani alimwita shemeji, maana yeye na Hilaire walikuwa chanda na pete. Sasa alimwita "yule," na wakikutana njiani aliangalia kuta. Hakuwa na jambo jingine la kumfanyia marehemu. Hakulia kaburini wala siku ya tisa ya sala, na wasio na kazi wakasema ana moyo wa jiwe. Waongo! Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Ganzi haiumi, lakini ganzi yake ilikataa kuisha. Alilala chini ya turubai, akamwaga ndoo za mvua asubuhi, akaenda zake shambani kwenye magimbi.

"Aje," akasema. "Afanye kazi. Ila sitamsalimu, na sahani yake utampa wewe."

"Haya, mheshimiwa," akasema Vernice.

Jumamosi watu wakaja kwa ujima, wanaume na nyundo zao, wanawake na sufuria. Kwanza ilibidi kuezua nusu ya paa iliyobaki. Octave, mwembamba, goti moja bovu, akasema ataezua peke yake.

"Shuka, mzee, tuachie sisi!" mtu akamkemea. "Ukianguka wakwe zako watafanya sherehe!"

"Sherehe walishafanya siku nilipowaondolea binti yao," akajibu Octave, na watu wakacheka.

Aliyateremsha mabati kwa kamba, moja moja, kisha akashuka akayabeba mwenyewe hadi nyuma ya nyumba. Yote aliyalaza kifudifudi, upande wa rangi umelalia ardhi. "Watu wasikanyage misumari," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kufika adhuhuri mbao mpya zilikuwa zimeshapigiliwa. Octave akazifagia kwa ufagio wa mkono, akapangusa hata vumbi la msumeno, kwa kuwa utando haushiki penye uchafu. "Tunaanza ukingoni, tunapanda," akawaambia wenzake. "Wa juu unaulalia wa chini kiganja kizima. Mkianza kileleni, maji yatawashukuru." Halafu akamgeukia Vernice. "Mwambie mwenye nyumba azitazame mbao kabla sijabandika. Utando huu ukishashika haubanduki."

"Dada, umesikia?"

"Mwambie abandike tu," akasema Eudoxie bila kuinua uso. Alikuwa anapigana na moto. Upepo ulikuwa unaupeperusha, na shelisheli zilikuwa hazijaiva. Akaenda nyuma ya nyumba kutafuta bati la kuukinga.

Akalichukua la juu, akaligeuza.

Lilikuwa la kijani, kama alivyolijua tangu alipoingia nyumba hiyo bibi harusi. Lakini pembeni, pale bati moja lilipolaliwa na jingine na brashi isifike, palikuwa na mstari wa vidole vitatu. Mwekundu.

Akapitisha kidole penye kijani. Rangi ikatoka magamba madogo, ikamnata kiganjani. Aliyatambua. Siku ile akimwosha Hilaire aliyatoa magamba hayo nyweleni na kwenye ukosi wa shati, akayaweka kando, akidhani ni majani. Asubuhi ile hapakuwa na mti hata mmoja kisiwani uliobakiwa na jani.

Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Akainua macho. Octave alikuwa amepiga goti juu ya mbao, jora la utando mikononi, anamtazama.

"Kutu hiyo," akasema Octave taratibu. "Ni kutu tu, mke wa Hilaire."

Kutu Eudoxie aliijua. Akakumbuka Hilaire akijisifu kwamba yeye na Octave walinunua mabati siku moja, dukani pamoja, na kwamba misumari ya paa hili aliipiga yeye mwenyewe, michache, kwa sababu mingi ni woga. Bati lililomkata lilikuwa la paa lake mwenyewe. Msiba wa kujitakia hauna kilio, ndivyo wangesema watu, kwa miaka, kila likitajwa jina lake. Mtu mmoja alikuwa amewaziba midomo kwa maneno mawili, na yeye akamlipa kwa kuangalia kuta. Akakitafuta kilio, hakukiona. Aliona aibu, na aibu iliuma. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kumuuma tangu kimbunga.

Akalirudisha bati kifudifudi, kama alivyolikuta. Akaenda hadi chini ya ngazi, akapanda vidato vitatu, akazitazama mbao kutoka ukingoni hadi kileleni, zote, polepole, watu wote wakimwangalia.

"Mbao nimeziona," akasema kwa sauti iliyowafikia wote. "Bandika, shemeji."

Vernice alisahau mwiko ndani ya sufuria. Octave akainama, akatafuta ncha ya karatasi kwa kucha, akaikosa, akaitafuta tena.

"Na ukimaliza ushuke ule," akasema Eudoxie. "Sahani yako ninayo mimi."