Uzi Kabla ya Mtoto

Kwenye wodi ya wazazi kulikuwa na vidonge viwili vya uzi, vimekaa ndani ya kopo la bati kando ya dirisha. Mweupe ulikuwa wa watoto wa kike, mweusi wa watoto wa kiume. Mtoto akizaliwa, mkunga alimfunga uzi kwenye kifundo cha mguu, asije akachanganywa na wa mwenzake wakati wa kuogeshwa. Kidonge cheupe kilikwisha na kuletwa kingine kila mara. Cheusi kilikuwa kimejaa vumbi.

Mkunga hakukumbuka mambo yaligeuka lini hasa. Mama aliyemfundisha kazi alizoea kusema kwamba wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, kwa kuwa Mungu anajua wa kiume ni wepesi kuvunjika. Kisha ikaja miaka ya vijana kwenda migodini, mbali, na wengi hawakurudi. Mitaa ikabaki na wanawake. Redio ikalieleza hilo na watu wakaelewa. Lakini mtoto mchanga hapandi basi kwenda mgodini, na wavulana walizidi kuadimika hata wodini. Wataalamu wakataja maji, wakataja joto. Kiwanja cha mpira kikaota majani. Kinyozi wa mtaani akajifunza kusuka.

Miaka ileile ya migodi wakunga nao walikuwa wachache, na kazi iliwaelemea. Wakajitafutia njia ya mkato. Walikata nyuzi mapema, wakazitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Mguu ukitoka tu, mkono unafunga. Macho yatatazama baadaye. Walikata nyeupe kwa kuwa kidonge cheupe ndicho kilichokuwa karibu na mkono. Mwanzoni walikosea mara kwa mara, wakafungua na kufunga upya. Siku hizi hawakukosea kamwe.

Ndipo binti yake Mkunga akashika mimba. Daktari alipompiga picha ya tumbo, alimwita mwenzake, naye akamwita mwingine. Wote waliona jambo lilelile. Alikuwa mvulana.

"Huyo mjukuu wako tutamwekea kamba, watu wapange foleni," alisema mkunga mwenzake, ambaye wodi nzima ilimwita Kicheko. "Wewe bibi utakaa mlangoni kuzuia fujo."

"Nitazuia na wewe," Mkunga akamjibu, na alikuwa akitabasamu tangu asubuhi.

Mkwe wake, fundi baiskeli, alichonga kitanda kidogo. Lakini binti hakuwa na raha. Jioni moja, wakichambua mboga jikoni, alimshika mama yake mkono.

"Mama, niahidi kitu kimoja. Usimfunge kabla hujamtazama."

"Mwanangu, ni uzi tu ule."

"Najua ni uzi. Nimekua nikikuona unazikata nyuzi hapa mezani, na macho yako yako kwenye chungu. Wewe mtazame kwanza. Umwone alivyo, ndiyo umfunge."

Mkunga aliahidi. Kabla ya kulala alipiga magoti akairudia ahadi hiyo mbele za Mungu, ili asiisahau. Kesho yake alikata uzi mweusi mmoja, akaupangusa vumbi, akautia mfukoni mwa joho lake la kazi.

Uchungu ulimwanza binti asubuhi, na jua lilikuwa utosini mtoto alipokaribia. Chumba kilikuwa cheupe kwa mwanga. Kicheko alishika taulo. Mkunga aliomba kimoyomoyo huku mikono yake ikifanya kazi inayoijua. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, na mtoto mzima akateleza mikononi mwake akiwa wa moto kama mkate. Akamgeuza, akampangusa mdomo, mtoto akalia.

"Mama," binti akaita kutoka kitandani. "Umemtazama?"

Mkunga akashusha macho. Uzi mweupe ulikuwa tayari mguuni, umefungwa kwa fundo lake mwenyewe, lile la kupinda mara mbili. Kwenye msumari juu ya kitanda uzi mmoja ulikuwa umepungua. Akatazama juu ya uzi, polepole, mapajani.

Alikuwa msichana, mzima, mzuri, na kidevu cha baba yake.

Kicheko hakucheka. "Picha hukosea," alisema kwa sauti ndogo.

"Madaktari watatu?" Mkunga akamuuliza.

Mkunga alichukua mkasi, akaukata ule uzi, akangoja. Hakujua anangoja nini. Mtoto aliacha kulia akamkazia macho, kwa utulivu ambao watoto wa saa ile hawana. Hakikubadilika kitu. Akambusu paji la uso, akamlaza kifuani kwa mama yake.

"Ni binti," alisema. "Mpende, ni wetu. Sikutazama kwanza, mwanangu. Mikono ilinitangulia."

Binti alimfunika mtoto kwa viganja viwili. "Na wale wote mliowafunga, Mama?"

Mkunga alitia mkono mfukoni. Uzi mweusi ulikuwamo, umejikunja, na ulikuwa na joto kama kitu kilichotoka mwilini mwa mtu.

Chumba cha pili mama mwingine alikuwa ameanza kuugulia. Kicheko alishatangulia, na Mkunga alipoingia alimkuta ameinua mkono kwenye msumari, akiongea na mgonjwa, bila kuutazama mkono wake.

Akamshika kiwiko. "Weka chini nyuzi, dada. Zote. Tungoje atoke, tumtazame."

"Na tukichelewa kumfunga?"

"Tutachelewa."

Wakakaa pande mbili za kitanda, mikono mitupu mapajani, na ilikuwa taabu kubwa kuituliza. Baadaye Mkunga aliinama na kipembe cha kusikilizia, akakiweka tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa ukienda mbio. Kisha ukapunguza mwendo, ukatulia kwenye mapigo yake ya kawaida, kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango akisikiliza kama waliokuwa nje wameondoka.